Mama Constance Mukankusi na Miwani Iliyookoa Malisho ya Burungu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kupima macho, kukata vioo na kugombeza watu wanaokalia miwani yao wenyewe, Mama Constance Mukankusi anastaafu rasmi tarehe 28 Novemba mwaka huu. Nyumba ya Macho ya Burungu inabaki, na sisi wenzake tunabaki. Anayeondoka ni yule anayetupigia kelele kila asubuhi kwamba madirisha ni machafu na bado tunajiita watu wa macho. Sijui tutaishije.

Mimi ni Hélène Niyonsenga wa chumba cha dawa. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu wengine wote walikataa. Waliogopa kwamba mwenyewe atausoma.

Mama Constance ni mtoto wa Masisi, wa familia ya wakulima wa maharagi na mihogo, kutoka upande wa Kalembe, kwenye kilima ambacho ukimwaga maharagi mlangoni utayaokota bondeni. Alisoma ufundi wa miwani Bukavu. Aliporudi, barabara ilikuwa imekatika, basi mashine yake ya kukata vioo ilifika Burungu mgongoni mwa wanaume waliokuwa wakipokezana kwenye mvua, na yeye nyuma yao akiwaombea na kuwatukana kwa zamu. Mashine ile inakata mpaka leo.

Siku zile miwani ilikuwa mali ya nyumba nzima. Baba akimaliza kusoma Biblia anampa mama, mama akimaliza kuchagua mchele anampa bibi. Ukiuliza ni ya nani, unajibiwa ni ya hapa nyumbani. Mama Constance alipita kanisa kwa kanisa, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, akieleza kwamba jicho si jembe la kuazimana. Watu walicheka sana. Kisha wakaja kupimwa, mmoja mmoja, kila mtu na macho yake.

Lakini ushindi wake mkubwa ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Ulitoka kwenye golf.

Ndiyo, golf. Mgeni akisikia kwamba Burungu kuna golf anadhani tunamtania. Muuguzi wetu Jean-Claude Ndayambaje alirudi siku moja kutoka Goma na gunia la fimbo za zamani alizopewa na mtu aliyekuwa anahama. Jumamosi, salongo ikiisha, ile kazi ya usafi ya watu wote, tukaanza kupiga mipira kwenye malisho ya Papa Kanyamibwa, mzee wa ng'ombe anayejulikana hapa mpaka Walikale. Majani yale hukatwa na ng'ombe, na wanayakata vizuri. Mashimo yetu ni makopo ya nyanya tuliyoyazika. Mzee hakutuomba kitu. Alituachia tu.

Mama Constance hakushika fimbo hata siku moja. Alichokiona yeye ni watazamaji. Wafugaji ambao hata ukiwaita kwa kengele ya kanisa hawaji kupimwa macho, walikuwa wanasimama pembeni tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, wakicheka namna tunavyokosa. Akatundika bâche, turubai la kivuli, kando ya malisho, akaweka benchi na kibao cha herufi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Siku ya Macho, kila mwaka siku ya mashindano yetu ya golf. Wafugaji wa milima ya mbali walibaki wagumu kukaa kwenye benchi, lakini walau walikuwa wanafika, na kila mwaka wawili watatu walishawishika. Kwa Mama Constance siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko Noeli.

Sasa nifike kwenye kosa lake, maana mwenyewe amenikataza kulificha. Jua la vilimani ni danganyifu: baridi inakuuma masikio, kumbe mwanga unakuchoma macho. Timu yetu ilikuwa inakunja uso kuanzia shimo la kwanza. Mwaka mmoja, mashindano na timu ya Bweremana yakikaribia, Mama Constance akaamua kwamba watu wa Nyumba ya Macho hawawezi kucheza macho matupu mbele za watu. Akaagiza Goma miwani ya jua, na akachagua ile nyeusi kuliko zote. "Nyeusi njo ya nguvu," akatuambia, mkono kiunoni. Yeye, fundi! Fahari ilikuwa imempanda kichwani.

Jamani, siku ya mazoezi tulipendeza. Tulifanana na walinzi wa mkubwa fulani. Ila wingu lilipopita mbele ya jua, malisho yote yaligeuka giza. Mashimo madogo na vilima vidogo havikuonekana tena. Jean-Claude alizama kwenye mavi mabichi ya ng'ombe mpaka kwenye kifundo. Noëlla Tuyishime wa maabara, ambaye ndiye mkono wetu bora, kila akiinama miwani ilimteleza puani, na fremu nene ilimkatia mpira katikati. Akapiga majani tu.

Na siku hiyo hiyo Papa Kanyamibwa akaja kutusalimia. Kwetu, ukikutana na mzee unavua kofia, unavua na miwani, unampa mkono na unampa macho. Mkono bila macho si salamu. Sisi tukampa mikono, haraka haraka, miwani imebaki usoni, mawazo yote yako kwenye mpira. Mzee alitutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Mama Constance.

"Mama, miaka yote naachia ninyi majani yangu. Leo naangalia batu yako, sioni hata jicho moja. Muntu mwenye kuficha macho, nitajua namna gani roho yake? Mashindano ikiisha, nafunga na waya ya miiba."

Akaondoka, na fimbo yake, bila kugeuka.

 Malisho yakifungwa, hakuna mchezo. Bila mchezo wafugaji hawatakuja, na wasipokuja, watapofuka huko milimani bila mtu kujua. Mama Constance alilijua hilo kuliko sisi wote. Alilia pale pale, mbele yetu, bila kujificha.

Tukamshauri tumpelekee mzee mbuzi na kreti ya bia. Alifuta machozi, hasira ikamrudia. "Kosa iko kwa miwani," akasema, "na nitaitengeneza kwa miwani." Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na huyu mama si mtu wa kurudia.

Wiki ile alihamia malishoni na sanduku lake la vioo vya kujaribia. Alikwenda ukungu ukiwa bado umelala, akaenda jua likiwa utosini, akaenda na jioni. Alimsimamisha Noëlla katikati ya ng'ombe, amtazamie mteremko, amtazamie mpira ukiwa hewani, kisha ageuke amtazame yeye. Swali lake lilikuwa moja: je, na mimi naona macho yako? Kioo cheusi kilianguka mtihani wote. Cha bluu kiligeuza kilima kuwa maji. Cha manjano kilikuwa kizuri kwenye ukungu, lakini mchana Noëlla alitoa machozi. Halafu akaweka cha kahawia, rangi ya chai isiyo na maziwa. Mara majani yakatengana, yale yaliyolalia huku na yale yaliyolalia kule, mpira mweupe ukaonekana wazi mbele ya mawingu, na nyuma ya kioo macho ya Noëlla yakawa yanacheka. Mama Constance akapiga vigelegele peke yake, ng'ombe wakakimbia.

Alitukatia wote vioo vya kahawia, na tangu siku hiyo hatukupumua. Alitufundisha kwamba weusi wa kioo si kinga. Kinga ni ule uwezo wa kioo kuzuia miale mibaya ya jua, na kioo cheusi kisicho nao ni hatari zaidi, kwa sababu mboni inafunguka ikidhani iko kivulini na miale inaingia yote. Fremu ifunike pembe za macho, upepo na vumbi visiingie, ila chini isiwe na ukingo mnene, maana mchezaji wa golf anatazama chini. Kabla ya kuchukua, inama, tikisa kichwa kama unakataa deni. Ikiteleza, iache dukani. Uivae tangu shimo la kwanza, usingoje macho yachoke. Uioshe kwa maji na kitambaa laini. Aliyethubutu kufutia miwani kwenye pindo la kikwembe, kitenge chenye vumbi la barabara, alisikia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la kazini.

Siku ya mashindano Bweremana walifika kwa kamioni, wakiimba, kila mmoja na miwani ya kung'aa ambayo ukimtazama mtu unajiona mwenyewe. Ni watu wa ziwa, na miwani ile inakata mng'ao wa maji. Kule kwao ni dawa. Lakini huku kwetu inaficha mng'ao wa majani, na mng'ao huo ndio unaokuonyesha majani yamelalia wapi. Hata hivyo walicheza vizuri, mashetani wale. Tukafika shimo la mwisho tukiwa sawa sawa, na mpira ukiwa wa Noëlla.

Hapo ndipo Papa Kanyamibwa alipotokea. Alipita katikati ya uwanja na ng'ombe wake, kama ilivyo haki yake, na mchezo ukasimama. Wachezaji wetu wakapeleka mikono usoni wavue miwani. Mzee akainua fimbo.

"Muache. Nawaona."

Akasalimia kila mtu, polepole, akimtazama ndani ya macho: habari ya nyumbani, habari ya watoto, maharagi yametoka namna gani. Nahodha wa Bweremana alipoona hivyo, akapandisha miwani yake kichwani, naye akasalimia kwa heshima. Mwisho mzee akamfikia Noëlla. "Piga, binti yangu."

Noëlla akatazama. Mbele ya kopo palikuwa pamelaliwa na ng'ombe, na majani yameinamia kushoto. Sisi wengine hatukuona kitu. Akapiga upande ambao tulidhani amechanganyikiwa. Mpira ukaenda, ukapinda, ukaendelea kupinda, ukaingia kwenye kopo la nyanya: ko! Wee! Nilitupa kofia na sijaipata mpaka leo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na watu wa Bweremana ni washindani kweli. Walitushika mikono, wakakata pamoja nasi fromaji ya ushindi, jibini la maziwa ya huku kwetu, na ngoma ikaanza.

Mama Constance hakuingia kwenye ngoma ile. Alimwendea mzee, akamtolea mfukoni miwani ya kahawia aliyomkatia kwa mkono wake, kwa sababu kwa miaka alikuwa anaona namna anavyokunja uso na ile nyama inayoota jichoni kwa jua na vumbi inavyomtambalia, wala hakutaka kuja kutibiwa. Papa Kanyamibwa akaivaa. Akatazama kilima cha ng'ambo muda mrefu, uso ukamlegea.

"Mama Constance, waya nitaweka," akasema. "Lakini nitaweka ya kuzuia ng'ombe, basikanyage uwanja yenu."

Kisha akatembea mwenyewe mpaka chini ya bâche, akakaa kwenye benchi, akatazama kibao cha herufi. Wafugaji waliokuwa wamesimama mbali na fimbo zao wakamwona mzee amekaa. Wakaja. Walikuja wote, wa Burungu na wa Kalembe na wale waliotoka Walikale kwa miguu, mstari ukapinda mpaka nyuma ya kanisa, na tukapima macho mpaka hatuoni tena herufi sisi wenyewe. Mama Constance aliimba siku nzima, sauti mbaya kama kawaida yake, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mama yetu, asante. Asante kwa wote walioziona tena sura za wajukuu wao, na kwa sisi uliotufokea mpaka tukaijua kazi. Nenda Kalembe ukapumzike, maharagi yakuzalie, Jumamosi uje ujaribu na wewe hiyo fimbo, tukucheke kidogo. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na macho mazima. Na tarehe 28 ukitoka getini tutakuwa tumejipanga pande zote mbili, tukikutazama ndani ya macho kama ulivyotufundisha. Tutalia, Mama. Tutalia bila miwani, na wewe utaona.