Viatu Mlangoni kwa Rawiya

Alasiri moja ya miaka ya tisini, Turki alirudi kutoka kwa fundi fremu wa Mlandege na picha aliyoichora mkewe kwapani, imeshatiwa fremu, akapitia barazani kwa Mmanga muuza kahawa kama kawaida yake. Akavua makubadhi, akapanda mkekani, akaiegemeza picha ukutani. Moyo wake haukuwa na raha. Rawiya alikuwa akijifunza kuchora, na alipomwuliza mumewe ameionaje picha yake ya kwanza, Turki alijibu "nzuri" tu. Wiki nzima chai ikanywewa kimya kimya. Hii ya pili inakwenda maonyeshoni kesho, na leo ataulizwa tena. Turki alikuwa tayari kuazima maneno popote, akawaeleza wenzake wa barazani.

Picha yenyewe ilikuwa mlango uliofunguliwa nusu, mwanga wa manjano ukitoka ndani, na viatu viwili kizingitini.

— Usiseme nzuri, alionya Jaku, aliyewahi kufundisha kuchora muhula mmoja, na tangu hapo jina lake Profesa. — Picha ina utaratibu. Kwanza utaje unachokiona. Halafu utazame kilivyopangwa: mistari, rangi, mwanga na kivuli. Maana baadaye. Hukumu mwisho kabisa.

— Kinachoonekana kila mtu anakiona, alisema Masoud Redio, anayejua khabari kabla hazijatokea. — Twende kwenye maana.

Wakaenda. Machano mchonga milango akaanzia mlangoni, kwa vile ndiko kwenye kazi yake. Alisema mistari yote inakimbilia penye uwazi, jicho halina pa kutokea, kwa hivyo picha inahusu hamu ya safari.

— Safari gani, na mlango unaingia ndani? aliuliza Masoud.

— Ndani ndo Maskati, yakhe. Tazama manjano hayo.

Masoud akakataa. Ile ni dhahabu iliyofukiwa, na kitone cha kijani kwenye kiatu cha kushoto ni alama ya pa kuchimba. Mmanga, huku akimimina kahawa, akasema yeye anaona jini: viatu vipo, mtu hayupo. Profesa naye akasahau utaratibu wake mwenyewe, akatangaza kwamba manjano yanagombana na kijani, nafasi tupu ina uzito, na kiatu cha kushoto ni dunia.

Turki akawa anameza kila neno na kulirudia moyoni. Mistari inakimbia, rangi zinagombana, nafasi ina uzito. Leo Rawiya atajua kaolewa na mtu mwenye macho.

Ndipo akapita Bi Tabia, jirani yake Turki, akitoka sokoni Darajani na kapu lake. Akawasalimia, akainama kuitazama picha.

— Na viatu hivi vya nani?

  

Turki akainamisha macho. Chini ya baraza yalikuwa makubadhi yake, pale pale yanapokaa kila siku mpaka isha. Ukanda wa kubadhi la kushoto ulikuwa na mshono wa uzi wa kijani, alioutia mwenyewe siku aliyokosa mweusi. Kwanza aliona haya, kisha akafurahi hata akataka kucheka peke yake. Kumbe mkewe alikuwa akimwita nyumbani kwa brashi.

— Nikutilie kingine? aliuliza Mmanga.

— Leo basi. Nnakwenda zangu.

Alipofika kwake alivua viatu kizingitini, akavipanga kama vilivyo pichani. Rawiya akatoka jikoni kuipokea fremu.

— Mapema leo. Haya, umeionaje?

Maneno yote ya barazani yakamkimbia. Akamwonyesha chini.

Rawiya akatazama viatu, akatazama picha, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga.

— Cha kushoto umekiweka mbele mno, akasema.

Turki akainama, akakirudisha nyuma kidogo.