Kikundi cha Jumapili cha Dada Dorkasi

Mchungaji, wazee wa boma, waombolezaji wote, na nyinyi wageni mliokuja na mabasi mawili kutoka Karatu ambao hadi juzi hatukuwa tunawafahamu, mimi ni Parsimei Moloimet, mdogo wake marehemu na mwinjilisti wa usharika huu, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, ambayo niliyaandika Jumanne nikiwa na uhakika nayo, na jana ikabidi niyaandike upya.

Dorkasi Kimaren Moloimet alizaliwa hapa Arash tarehe 12 Juni 1978, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Kimaren, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akapelekwa Karatu kujifunza ushonaji, akahitimu Novemba 1996. Mwaka 2004 alifungua duka lake karibu na soko la Karatu, akishona sare za wahudumu wa hoteli za Ngorongoro, na kwa cherehani yake alisomesha wadogo zake wawili, mimi nikiwa mmoja wao.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Josephati Hhando, dereva wa watalii, wakajaliwa mtoto mmoja, Lilian, aliyezaliwa Machi 2001. Josephati alifariki tarehe 3 Agosti 2015, na dada akakaa miezi mitatu bila kushona hata kifungo. Baadaye alituambia amepata kikundi cha maombi, kinakutana dukani kwake kila Jumapili kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, tukamshukuru Mungu, na tangu hapo kila Jumapili mchana nilikuwa nampigia simu kumpa maombi yetu, mvua, ndama wanaoharisha, na mwaka 2022 mke wangu Eunike alipolazwa hospitali ya Wasso kwa uzazi mgumu, naye akinijibu kila mara kwamba ameyafikisha.

Ndugu zangu, hakikuwa kikundi cha maombi. Nasema mbele ya mwili wake kwamba alitudanganya zaidi ya miaka tisa. Mama Zulfa, muuza vitenge wa duka la jirani, alitueleza juzi kwamba alichoka kumwona dada akilia juu ya cherehani, akawasha muziki wa vijana, huu wa kuchezesha mabega, akamshika mkono, wakacheza mpaka wakaishiwa pumzi, na Jumapili iliyofuata wakawa wanne, kisha ishirini, kisha wakajaa hadi barazani, madereva, wapishi wa hoteli, wajane, Waislamu kwa Wakristo, simu zote zikiwa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, na hakuna ruhusa ya kumuuliza mwenzako amekuja na shida gani, kwa sababu kwa saa mbili hizo shida ilikuwa inaachwa mlangoni. Wazee walitaka habari hii isisomwe hapa na wageni wasishike jeneza, na wa kwanza kuunga mkono nilikuwa mimi.

Kilichonimaliza ni daftari. Lilian alinipa jana asubuhi daftari la vipimo la mama yake, na humo, katikati ya viuno na mabega ya wateja, yamo maombi yangu yote kwa mwandiko wa dada, kila moja na tarehe yake, ndama wa Parsimei, mvua Arash, Eunike uchungu siku ya pili. Alikuwa akiyasoma kwa sauti kabla ya muziki, na wimbo wa kwanza wote wakimchezea aliyetajwa. Ndiyo maana juzi mliposhuka kwenye mabasi, mmoja baada ya mwingine alinishika mkono akaniuliza kama ndama walipona, na mtoto wa Eunike sasa ana umri gani, nami sikumjua hata mmoja. Na ni mimi niliyekataza spika za muziki kwenye harusi ya Lilian mwaka 2023, dada akiwa amekaa meza ya mbele, anaangalia mikono yake.

Tangu mwaka 2019 alikuwa na presha, akimeza dawa zake bila kukosa. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, wimbo ukiwa katikati, alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akaomba maji, yakaletwa, hakuyanywa. Alifikishwa hospitali kwa gari la mmoja wenu, na madaktari wakathibitisha kwamba moyo wake ulikuwa umesimama. Ameacha mtoto mmoja, na nyinyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zake wa sokoni, mafundi wenzake, usharika, na Kikundi cha Jumapili, ambao ndio watakaobeba jeneza. Kesho ni Jumapili, na daftari bado lina kurasa. Nimeandika ombi moja, Parsimei kafiwa na dada yake, na nimeomba nafasi kwenye basi lenu ili nililete mwenyewe, simu yangu nitaiweka kikapuni, mtanionyesha pa kusimama. Wewe, dada Dorkasi, pumzika kwa amani, safari hii sitakupigia.