Nondo Wawili wa Hajati Jamilah

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Hajati Jamilah Marjan, Mnubi wa Kawempe, mtaalamu wa wadudu, tuliyemzika wiki iliyopita. Huyu ni mwanamke aliyekosea, akarudi. Nasema tena: alikosea, akarudi. Wengi wetu tunaishia pale pa kwanza.

Mwaka ule viwavijeshi walipovamia mahindi, Jamilah alikuwa maabara, upande wa Kyambogo. Mbele yake walikuwa nondo wa sura mbili. Mmoja alikuwa na mabaka meupe mbawani, naye alijaa kwenye mitego ya harufu. Mwingine alikuwa wa kijivu mtupu. Huyo hakuingia mtegoni hata siku moja, alikuja kwenye taa za baraza tu. Jamilah akaamua: wa mabaka ndiye mama wa viwavi, wa kijivu hana neno. Ofisi yao ya kilimo ikachapa karatasi yenye maneno hayo, ikaibandika kwenye kuta za mji, mpaka Nakawa.

Wakulima wakatii. Wakamwacha wa kijivu atue apendapo. Mahindi yakaliwa mpaka kwenye kiini.

Jamilah akaenda kujionea bondeni Kawempe, shambani kwa Mama Loice. Akamkuta nondo wa kijivu juu ya jani la muhindi, anataga. Akainama amtazame vizuri. Kama huyu ndiye, basi yeye Jamilah ndiye aliyewafungulia mlango wezi. Akamkamata, akaenda naye nyumbani ndani ya glasi.

Mumewe, Mzee Ojara, polisi mstaafu, anakumbuka: "Meza yote glasi! Nikamwambia, Mama Nabilah, mimi nimekamata wezi maisha yangu yote, sijawahi kuwalisha mezani. Akanijibu, 'Hawa bado hawajahukumiwa, afande.'"

Nondo akataga humo humo, mayai yakaanguliwa. Viwavi wakakua, kila mmoja na alama ile ya Y iliyopinduliwa usoni. Wakajizika udongoni, wakatoka nondo. Mama mmoja, uzazi mmoja: hawa wana mabaka, hawa wa kijivu. Hazikuwa aina mbili, wasikilizaji. Walikuwa dume na jike! Mtego una harufu ya jike, kwa hiyo uliwavuta madume peke yao. Na yule "asiye na neno" ndiye aliyekuwa akitaga.

Jamilah akaomba karatasi ibanduliwe. Mkubwa wake akasema, "Hajati, imeshatoka hiyo. Tukiibandua, watu watasema hatujui kazi."

"Na mahindi yao yatasema nini, mkubwa?"

Hakungoja jibu. Akawachoma nondo wawili, wa mabaka na wa kijivu, kwa pini juu ya kipande kimoja cha boksi, akaingia mashambani, bonde kwa bonde, viatu mkononi. Kila alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa moja: "Nilikosea mimi."

Mama Loice hakumwonea haya. "Eh, Hajati! Jana huyu mpole, leo mwizi. Kesho utaniambia ni shemeji yangu?"

"Nitukane, nyabo, mama yangu, lakini geuza majani huku tunaongea. Ukiona mayai yamefunikwa manyoya ya kijivu, yaponde."

Mama Loice alimtukana mpaka mwisho wa mstari wa mahindi. Na aliponda mpaka mwisho wa mstari. Msimu ule akavuna.

Binti yake, Nabilah, anasema: "Mama alirudi na tope mpaka magotini. Nikamuuliza, umeshamaliza? Akasema, 'Waliosoma ile karatasi bado hawajaisha.'"

Mzee Ojara, Nabilah, na jamaa wote wa Kawempe, poleni sana. Mungu amrehemu Hajati wetu. Matangani Mama Loice alikuja na kile kipande cha boksi, alichoachiwa na Hajati. Mbawa zimepukutika, pini zimebaki.

Karatasi ile nayo ipo. Miaka yote hii, bado iko ukutani pale Nakawa, imepauka lakini inasomeka. Wenye ofisi, mnasikia? Kaibandueni. Na wewe msikilizaji, kabla hujawacheka, jiulize: ni nani uliyembandika jina, ukaja kujua si lake, na mpaka leo hujarudi kulibandua?