Mwandiko Chini ya Boneti

Jambo la mwisho la kawaida alasiri ile lilikuwa Cheche kusogea. Mwalimu alikuwa amefika na gazeti lake la jana, na benchi la kijiweni, ubao mmoja juu ya matofali, halikumpa mtu nafasi mpaka mwenzake ajibane. Cheche akajibana. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale bali ndiye aliyeuza kahawa, akammiminia Mwalimu kikombe chake, na Kinyozi akaendelea kulalamika kwamba siku hizi kila baba amejinunulia mashine na ananyoa wanawe mwenyewe, ndiyo maana watoto wa mtaa mzima wana vichwa vya ngazi. Ndipo, kutoka gereji ya ng'ambo ya barabara, injini ikawaka. Iliwaka mara moja, bila kukohoa, ikatulia ikanguruma kama kitu kilichoshiba. Watu watatu wakajifanya hawamtazami Cheche.

Habari yenyewe kila mmoja aliijua. Gari lililowaka lilikuwa la daktari wa mifugo, mwanamke kijana aliyehamia mtaani mwaka uliopita: gari la zamani la kupandia milima, la mraba kama sanduku, bodi bado nzima lakini injini imechoka. Daktari alitaka liwekewe injini ya kisasa imfikishe kwenye mashamba ya juu, na alimfuata Cheche kwanza. Cheche alikuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka ishirini na minane. Jina lenyewe alilipata kazini. Akamwambia daktari haiwezekani. Injini za siku hizi, alisema, haziendi kwa mafuta na moto tu. Zina kompyuta, na kompyuta ina waya zaidi ya mia moja za kujuliana hali na pedeli, na ufunguo, na dashibodi. Ukihamisha injini, uhamishe na waya zake zote, na ukikosea mmoja tu, umemjengea mteja banda la kuku.

Aliyasema hayo kwa uhakika wa mtu aliyeungua. Miaka mitatu nyuma alijaribu kazi hiyo hiyo kwenye gari la mkulima mmoja. Alikata waya akiamini atazitambua kwa rangi, kisha akagundua kwamba za buluu peke yake zilikuwa kumi na moja. Gari lile halikuwaka tena. Lilivutwa na trekta kutoka uani kwake, mchana kweupe, likapitishwa mbele ya benchi.

Basi daktari alivuka barabara, akalipeleka gari kwa Fundi Taratibu, aliyekuwa na miaka minne tu tangu ahamie pale mtaani, na aliyeitwa hivyo kwa sababu kubadilisha tairi kulimchukua asubuhi nzima.

— Imewaka, Mwalimu akasema hatimaye, macho yake kwenye gazeti.

— Imewaka, Cheche akakubali. Kuwaka si kutembea.

Geti likafunguka. Gari likatoka, likakata kona, likapanda barabara kuelekea mlimani, na vumbi lake likatua kwenye vikombe.

— Na sasa? Shangazi akauliza.

— Kutembea si kurudi.

Wakamwachia hilo. Lakini kijiwe hakiwezi kuacha muujiza upite hivi hivi bila kuuchana, na kabla kahawa haijapoa kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Kinyozi alishikilia kwamba injini haikubadilishwa kabisa. Taratibu amechukua mfuniko wa injini mpya akaufunika juu ya ile kuukuu, kama mtu anayevaa kofia ya mwanawe. Mwalimu akasema hapana, sauti ni ya injini mpya, ila mle ndani hamna kompyuta yoyote. Ipo nchi za nje, juu ya meza ya mtu, na huyo mtu ndiye anayeliendesha gari kwa simu, daktari amekalia kiti tu. Kinyozi akaona amezidiwa. Akainama, akashusha sauti.

— Mnajua yule bwana amepanda matango nyuma ya gereji?

— Matango yana nini? Shangazi akasema. Mazuri tu, jana ameniletea mawili.

— Jiulize kwa nini ardhi ya pale ni laini. Gari la daktari amelizika. Hili lililopita ni pacha wake.

Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini. Cheche hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa akiwakata maneno, aliyewaambia mambo ya magari yalivyo na wao wakanyamaza kama wanafunzi. Leo alikuwa anawasikiliza wakipiga porojo na sehemu moja ya moyo wake inawaombea wapatie. Pacha, simu, kofia, chochote kile, mradi tu isiwe kwamba mtu wa ng'ambo ya barabara amekaa chini na waya mia moja na zaidi akazishinda. Wivu wake haukuwa wa kelele.

— Litaungua, akasema. Nawapa wiki moja. Waya za siku hizi hazina urafiki na mtu wa kubahatisha.

— Wewe ulibahatisha? Shangazi akamuuliza, bila ubaya wowote.

Cheche akatazama ndani ya kikombe.

Kabla jua halijazama, gari likarudi. Lilikuwa na tope mpaka kwenye vioo, na badala ya kuingia gereji likasimama mbele ya benchi. Daktari akashuka na mabuti yake ya mpira, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, akaomba kahawa. Alikuwa hajawahi kukaa pale. Kinyozi akampisha upesi kuliko alivyowahi kumpisha mtu.

— Umefika mpaka juu, binti? Mwalimu akauliza.

— Mpaka shamba la mwisho, mwalimu. Ng'ombe amezaa salama.

Cheche aliona ameshindwa kukaa. Akamwomba daktari ruhusa ya kufungua boneti, kwa adabu, na daktari akaifungua mwenyewe. Wote wakainuka. Cheche akaingiza kichwa kama daktari wa meno, akitafuta uozo. Alianza na waya wa kuunganisha injini na bodi, kwa maana huo ndio mafundi wengi huusahau, kisha wakakesha kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ulikuwepo, mnene, umekazwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Akatafuta mahali waya zilipoungwa kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa utepe. Hapakuwa na kiungo hata kimoja. Fungu zima la waya lilikuwa limetolewa kwenye gari lililotoa injini bila kukatwa, likapitishwa kwenye ukuta wa kati ya injini na dereva kwa tundu lenye mpira. Akatafuta fyuzi isiyo na makazi. Zote zilikuwa na makazi.

Ndipo akaziona lebo. Kila waya, karibu na soketi yake, ulikuwa umevishwa kipande cha utepe mweupe wenye maandishi ya wino mweusi. *Joto la maji. Pampu ya mafuta. Pedeli, wa tatu kati ya sita.* Herufi ndogo, zilizonyooka, za mtu asiye na haraka. Herufi J ilikuwa na kofia. R iliegemea nyuma, kama mtu aliyemaliza kula.

Cheche aliutambua mwandiko. Nyuma yake alimsikia Mwalimu akivuta pumzi, na hapo akajua kwamba Mwalimu naye ameona. Angewezaje asione? Kwa miaka ishirini na miwili mwandiko ule ulikuwa umejaza vyeti vyote vya shule yake, na yeye alikuwa akitia sahihi chini yake. Kinyozi cheti chake alikitundika kwenye fremu juu ya kioo. Kila aliyenyolewa alikisoma kwa lazima. Hakuna mtu wa rika lake pale mtaani ambaye jina lake halikuandikwa na mkono ule angalau mara moja.

— Nilitaka kuwauliza, daktari akasema. Nani ameandika hivi vibandiko? Fundi anasema bila huyo mtu asingeiweza kazi hii. Nilipomuuliza jina akaniambia niwaulize ninyi, mnamfahamu kuliko yeye. Nataka kumshukuru.

Lilikuwa swali dogo. Mwalimu akakunja gazeti mara mbili. Kinyozi akatazama mabuti ya daktari. Shangazi akainamisha birika kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, akaliinua tena. Wote walikuwa na jibu, na hakuna aliyeweza kulitoa, kwa sababu mwenye haki ya kulitoa alikuwa ameinamisha kichwa chini ya boneti, kwenye kazi ya fundi mwenzake.

— Tutakuulizia, Mwalimu akasema mwishowe.

Cheche akaaga. Alisema kuna mteja anamngoja.

Nyumbani alimkuta mkewe, aliyekuwa karani wa shule ya Mwalimu, mezani, anachambua maharage kwenye sinia. Alikaa mbele yake. Akachukua maharage machache na yeye akaanza kuchambua, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na mkewe akainua macho.

— Kumbe unafanya kazi kwa Taratibu.

— Nilikuambia, baba watoto. Wiki sita zilizopita, palepale ulipokaa. Nilisema nina kazi ya kuandika kwa fundi. Ukasema sawa.

Alikumbuka kusema sawa. Alidhani ni risiti na barua.

— Mbona sijawahi kukuona unaingia?

— Napita mlango wa nyuma, ndio wa karibu na kwetu. Hukuuliza.

Cheche akasogeza punje moja mpaka ukingoni mwa sinia. Alikuwa na maswali mengine, yale yanayomjia mwanamume yeyote, na aliyaona yamejipanga nyuma ya meno. Aliuliza moja tu, na lilitoka likiwa dogo kuliko alivyokusudia.

— Mnafanyaje humo ndani?

Mkewe akamwelezea, kama angemwelezea mtu yeyote. Kabla waya haujachomolewa, Taratibu anaushika, anataja rangi yake na unapokwenda. Yeye anaandika kwenye daftari, kisha kwenye utepe, kisha anausoma kwa sauti. Wakikubaliana, waya unachomolewa. Wanakwenda kwenye unaofuata.

— Mmoja mmoja?

— Mmoja mmoja. Anangoja nimalize kuandika.

Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomchoma. Si gereji, si mlango wa nyuma. Kwamba kuna mtu alikuwa amesimama na waya mkononi, asubuhi baada ya asubuhi, akimngoja mkewe amalize herufi.

— Ungeweza kuniambia mimi tufanye hivyo, akasema. Wakati wa lile gari la mkulima.

Mkewe aliacha kuchambua. Hakukasirika; angekasirika ingekuwa nafuu.

— Nilisimama mlangoni pako siku mbili na kalamu mkononi. Uliniambia nisikuzibie mwanga.

Akabeba sinia, akaenda jikoni. Cheche alibaki mezani. Alijaribu kukumbuka siku hizo mbili na hakumwona mtu yeyote mlangoni. Aliona waya tu.

Kesho yake asubuhi alivaa ovaroli safi, akamngoja mkewe afunge mlango, akamchukulia mfuko wake wenye daftari na kalamu, akaubeba. Mkewe alielekea uchochoroni, kwenye mlango wa nyuma. Cheche akasema wapite barabarani. Kwenye benchi Mwalimu na Shangazi walikuwa wameshafika, na Kinyozi alikuwa akifagia kizingiti chake. Daktari alikuwa amesimama na kikombe, anakunywa upesi kabla ya kupanda mlimani.

— Cheche, kahawa, Shangazi akaita.

— Baadaye. Nampeleka mama watoto kazini.

Kisha akamgeukia daktari.

— Uliuliza nani ameandika. Ni huyu. Ni mke wangu.

Hakungoja kusikia shukrani. Wakavuka, wakaingia kwa geti la mbele. Ndani palikuwa na gari jingine la zamani, pua wazi, na kando yake gari lililopata ajali ya kupinduka, ambalo injini yake ingehamishwa. Fundi Taratibu aliwatazama wote wawili, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, kama ilivyo desturi yake, kisha akampa Cheche taa.

Cheche aliitundika. Mkewe akakaa kwenye kiti chake, akafungua daftari, akaandika tarehe. Cheche akaingiza mkono katikati ya waya, akaushika wa kwanza, akaufuata kwa vidole mpaka mwisho wake, akarudia ili awe na hakika.

— Buluu, mstari mweupe, akasema. Joto la hewa.

Kisha akangoja, waya mkononi, akisikiliza kalamu.