Mstari wa Nne

Basi lilikuwa halijajaa, na fundi cherehani alipata kiti cha dirishani, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Jirani yake, karani mwenye tai, alikuwa akisoma habari kwenye simu yake kwa sauti, kana kwamba abiria wote walimwomba.

"Moto wazuka kiwanda cha nguo. Wazimwa mapema. Hakuna madhara makubwa." Akatelezesha kidole kwenda kwenye habari za mpira.

"Hebu rudi hapo, kaka," fundi akasema. "Madhara madogo ni yapi?"

"Hawajaandika, dada. Programu hii ya gazeti inakupa kiini tu. Nani ana muda wa kusoma gazeti zima?"

"Mimi nashona pale. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli, tukatokea dirishani. Hicho si kiini?"

Karani akautazama ule mkono. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Pole sana, dada. Ila bila mistari hii mitatu, nisingejua kabisa kwamba mliunguliwa."

Neno hilo lilimwingia fundi, maana lilikuwa na ukweli wake. Tangu jana wenzake walikuwa wakimsihi anyamaze, asije akafukuzwa kazi. Sasa akakata shauri.

"Basi mstari wa nne nawapelekea mimi," akasema, akabonyeza kengele.

"Watakwambia nafasi haitoshi."

"Watajibana."

Basi likasimama mbele ya ofisi za gazeti hilo. Fundi akashuka, akausukuma mlango wao kwa bega.