Sahihi Yangu Kwenye Ukurasa wa Pili

Asanteni kwa kunikaribisha hapa Mumbuni. Mtanisamehe, nitasoma kutoka kwenye karatasi. Ushuhuda huu nimeuandika upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na hata asubuhi hii, nikingoja ibada ianze, nilikuwa bado nabadilisha maneno. Ndivyo nilivyo. Naogopa sana kukosea. Na ninachotaka kuwaambia ni habari ya kosa.

Mimi natoka Kalama. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, nikabaki nyumbani na mama. Nikajifundisha mwenyewe kusoma makaratasi ya kaunti: mipango ya maendeleo, ripoti, kumbukumbu za vikao. Neno nisilolijua nililiandika kwenye daftari hadi nilijue. Kisha nikawa nawaandikia watu wa kijiji kwenye gurupu letu la simu, kwa lugha nyepesi, barabara gani imeahirishwa na zahanati gani imepata muuguzi. Wakaniamini. Wazee walinitania, "Mheshimiwa asiye na kiti, leo kaunti imesemaje?" Sitawaficha, nilipenda kuitwa hivyo.

Sasa, kulikuwa na kisima. Tuliahidiwa kitachimbwa karibu na shule ya msingi. Siku moja nikasoma kwenye mpango mpya kwamba kimehamishiwa ng'ambo ya kilima, mbali nasi, na sababu ilikuwa maneno mawili tu: "Wakazi walikubali." Nikaenda ofisi ya wadi kuomba nione huko kukubali. Niliambiwa nirudi kesho, nikarudi. Niliambiwa nirudi Jumatatu, nikarudi. Mwishowe nikapewa nakala: kurasa mbili za majina, namba za vitambulisho na sahihi.

Jina la tatu kwenye ukurasa wa kwanza, la pekee la kijijini kwetu kati ya watu wa ng'ambo ya kilima, lilikuwa la mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji. Mzee huyu alikuwa ametuapia kwamba hakuulizwa chochote. Nilipandwa na hasira. Nikapiga picha ukurasa ule, nikautuma kwenye gurupu, na chini nikaandika: "Aliyeuza maji yetu ni huyu." Kabla ya kutuma nilikagua nukta na herufi kubwa. Ukurasa wa pili sikuusoma. Yalikuwa majina tu.

Mzee alijibu kwa sauti, maana kuandika kwenye simu hakumjii haraka: "Jamani, mimi nilitia sahihi ya soda." Watu wakamcheka. Mmoja akaandika, "Ni soda gani hiyo, mzee, inabeba kisima kizima?" Nami nikaweka alama ya kicheko.

Wiki ile zamu ya mwethya ilikuwa kwake. Nyinyi wa mjini huenda mmeusahau mwethya: leo kwako, kesho kwangu, watu wanakusanyika kuchimba matuta ya kuzuia maji ya mvua kwenye mteremko wa shamba la mwenzao. Mama yangu ni mwanachama. Siku hiyo alirudi mapema, jembe halina udongo.

"Mbona mapema, mwaitu?"

"Tumefika kwa mzee, kiongozi akasema hapa leo hatuingii. Tukapita." Akaliegemeza jembe ukutani. "Na mkewe alikuwa amepika isyo, mahindi na maharagwe ya watu wote. Sufuria ile kubwa ya harusi."

Nilijiambia kwamba haki ina uchungu wake.

Siku mbili baadaye mama mmoja akaniandikia: "Binti, tuma na ukurasa wa pili, tuwajue wote." Nikautoa ili niupige picha. Karibu na chini nikaona mwandiko ninaoujua, kila herufi imekaa juu ya mstari kama ninavyopenda ikae. Ulikuwa mwandiko wangu, na jina langu. Juu yake lilikuwa jina la mama.

Ndipo nikakumbuka. Kabla sijaanza kufuatilia mambo haya nilimsindikiza mama kwenye kikao kimoja chini ya hema. Maofisa walisema mengi, jua lilikuwa kali, na mwishoni ikapita karatasi isiyo na kichwa, nyuma yake kreti za soda. "Andika jina, kitambulisho, sahihi, uchukue yako." Vikao vya soda ni vingi kwetu, hakuna anayekumbuka kipi kilikuwa kipi. Mimi nilichukua ya machungwa. Na karatasi ile ndiyo iliyobandikwa nyuma ya maneno "wakazi walikubali."

Nikamjibu yule mama aliyeniandikia: "Ukurasa wa pili hausomeki vizuri."

Ndugu zangu, nawaambia, ulikuwa unasomeka kuliko wa kwanza.

Nikaukunja nikauweka ndani ya daftari langu la maneno magumu. Nilitaka kuungama, Mungu ni shahidi, lakini nilitaka kuungama vizuri. Nikaandika maelezo, nikayafuta. Nikaandika mengine, nikayaona yana visingizio, nikayafuta pia. Na wakati mimi natafuta sentensi iliyo sawa, mvua ikanyesha.

Ilinyesha siku tatu. Shamba la mzee halikuwa na matuta mapya, na ya zamani yalibomoka. Nilipita barabarani nikaona udongo mwekundu umeshuka hadi kwenye korongo, na maharagwe yaliyokuwa yameanza kutoa maua yameshuka nao. Mzee na mkewe walikuwa wanachimba, wawili tu. Aliniona akanyoosha mgongo.

"Karani wetu! Umeniletea shtaka lingine?"

Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Kesho yake mkewe, ambaye sote tunamwita susu, yaani bibi, alikuja kwetu. Nilidhani amekuja kunilaani. Alikaa kwenye kigoda, akafungua leso, akanipa ndizi tatu. Nisikilizeni: alinipa ndizi.

"Mjukuu wangu, wewe unajua kusoma hizi karatasi za serikali. Mzee anasema ilikuwa sahihi ya soda. Mimi namwamini, lakini mimi ni mke wake. Nitafutie mtu mmoja tu mwingine wa hapa kwetu aliyetia sahihi siku hiyo, nikamwombe aje aseme."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalinitoka. Nikaenda kuchukua daftari, nikatoa ule ukurasa, nikaweka kidole kwenye jina langu. Hajui kusoma sana, lakini kidole changu hakikuondoka pale, na hilo alilisoma.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, susu."

Kisha akauliza polepole, "Sasa mbona umekaa kimya, na mvua imenyesha?"

Nikataka kuukunja tena ule ukurasa; akauchukua, akaufunga kwenye leso yake.

Alisimama. "Kesho mwethya uko hapo kwa jirani. Utasema huko, mbele ya watu. Si kwa simu."

Nikaenda. Bila karatasi, maana susu alinikataza kushika chochote. Nilisimama kwenye udongo mbele ya watu na majembe yao, nikagugumia, nikarudia maneno, nikalia katikati ya sentensi. Ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote nilizowahi kuwaza. Kijana mmoja akapaza sauti, "Kumbe ya machungwa ilikuwa tamu!" Watu wakacheka, na kicheko kile nilistahili, nilikuwa nimempa mzee kama hicho.

Kiongozi akauliza, "Na wengine ni nani?" Susu akafungua leso, akanipa ukurasa wa pili, nikausoma. Nilipofika kwa mama, yeye ndiye aliyetangulia kuinua mkono. "Mimi nipo. Nilikunywa." Mwingine akainua. Na mwingine. Kiongozi mwenyewe alikuwa mstari wa saba. Akabeba jembe lake, akasema, "Hapa tutarudi mchana. Twendeni kwa mzee." Wakaenda wote.

Baadaye tuliandika barua kwa bunge la kaunti tukieleza sahihi zile zilikuwa za nini. Safari hii juu kabisa tuliandika kichwa, nikausomea umati, ndipo watu wakatia sahihi. Kikao kingine kimeitishwa. Kisima bado hakijaamuliwa, sitawadanganya. Mzee nilimwomba msamaha. Aliniambia, "Udongo haurudi, mtoto. Lakini njoo uchimbe." Ninaenda kila zamu yake. Hajaanza kunitania tena kama zamani, nami sijamwomba aanze.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru susu aliyenijia na ndizi nami nimemtendea ubaya. Namshukuru mama kwa mkono wake. Vijana wenzangu mnaofuatilia mambo ya serikali, endeleeni, kazi hiyo inahitajika. Ila someni hadi ukurasa wa mwisho, na mkijikuta humo, semeni siku hiyohiyo, hata kama maneno hayajapangika. Mvua haingoji maneno yapangike.

Jambo moja tu kabla sijaketi. Wakati wa nyimbo ilinifikia karatasi ya majina, ya wale watakaokunywa chai baada ya ibada. Juu haikuwa na kitu. Mzee wa kanisa, nisamehe, nimetumia kalamu yako. Nimeandika: "Tumekuja ibadani na tutakunywa chai. Hatujakubali jambo lingine lolote." Chini yake nimetia sahihi yangu. Naomba ipite kwa wengine.