Maharage Yaliyotazama Chungu

Leo, tarehe 30 Juni 1995, Ndugu Ambrosi Nachinuku, Bwana Shamba wetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, kumi na sita kati ya hiyo akiwa hapa Newala. Ametuomba sana tusimsifu. Tumemkubalia, na ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mpiga chapa, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta na kumsikia akizungumza na miche.

Wengi hapa hawamwiti kwa jina. Ni Baba Flora tu. Alizaliwa Masasi, akasomea kilimo nyanda za juu, akafanya kazi hukohuko mpaka alipohamishiwa kwetu mwaka 1979. Aliwasili na baiskeli, sanduku la bati na soksi moja. Ya pili haijulikani iliko hadi leo. Hiyo moja ilikuwa imejaa maharage.

Si haya tunayoyajua ya sokoni. Ni makubwa, ya zambarau yenye madoa meusi, na mmea wake hupanda kijiti mpaka ukampita mtu kimo, ukatoa maua mekundu yanayowafanya wapita njia wasimame. Tatizo lake ni moja: unataka baridi. Jua likizidi, maua yanapukutika na hupati hata ganda moja. Baba Flora aliyala huko alikosomea na tangu siku hiyo hakutulia. Alipohamishiwa Newala, kwenye ukungu na baridi, alimwahidi mkewe Veridiana, yaani Mama Flora, aliyebaki nyumbani kwao Mkomaindo, Masasi, kwamba mwaka huohuo angemshushia kikapu kizima.

Basi wageni wetu mtambue mapema jambo linalotukosesha usingizi ofisini. Kuanzia kesho mzee huyu anarudi Masasi kwenye joto, ambako maharage yale hayashiki hata ukiyaimbia. Na Mama Flora, kwa miaka yote hiyo, hajawahi kuonja hata punje.

Kwa upande wa kazi, hatuna la kumdai. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipozikaba korosho, alizunguka mashamba ya Mnyambe akifundisha kupuliza salfa alfajiri, akawa anarudi ofisini wa njano kuanzia nyusi hadi viatu. Ruzuku zilipoondolewa na soko huria likaingia, wenzetu kadhaa walipunguzwa kazini, petroli ikawa ya kusikia, na ghala la mbegu likabaki na panya wawili watatu. Yeye alipanda baiskeli. Kule Makote aliwafundisha akina mama kuomba punje chache za mbegu kwa mfanyabiashara, kuzifunga kwenye kitambaa kibichi, na kusubiri zichipue ndipo wanunue. Wafanyabiashara wawili walihama mtaa. Kwa hilo tunamheshimu bila utani wowote.

Utani unaanzia nyuma ya ofisi, kwenye kijishamba chake.

Anayeijua Newala anajua hali yake ya hewa haina msimamo. Asubuhi unatoka na sweta la mitumba, hujioni hata mikono kwa ukungu. Saa sita jua linakuvua sweta. Alasiri upepo mkavu, jioni manyunyu. Maharage ya Baba Flora yalichanua asubuhi na kupukutika mchana, mwaka baada ya mwaka, naye akawa anaokota maua chini na kuyatazama kama mtu aliyetukanwa. Kila msimu aliambulia maganda machache tu, na yote aliyaweka mbegu.

Mwaka mmoja aliona ajaribu Makote kwa Bibi Stamili, yaani Mama Furaha, mkulima hodari kuliko sisi sote tunaolipwa mshahara. Akampa mbegu, akaenda semina. Aliporudi alikuta vijiti vimesimama na mashina yamebaki uchi. Mama Furaha alikuwa amechuma majani yote akapika mboga, kama tunavyofanya kwa kunde. Alimpokea kwa furaha kubwa. "Baba Flora, mboga yako nzuri, ila haina haraka ya kuchipua." Inasemekana Baba Flora alikaa chini palepale.

Msimu mwingine mbegu alizoziacha dirishani zilitoweka. Alizikuta barazani kwa dereva wetu, Hamudi, zikichezewa bao. Kwa haki, ni kete nzuri mno. Baba Flora hakufoka. Alisimama akangoja mchezo uishe, na waliokuwepo wanasema hata alimwelekeza Hamudi namna ya kumfunga mwenzake. Kisha akakusanya kete zake akaondoka nazo.

Halafu ukaja mwaka wa vijiti. Miti ya kusimikia ilikuwa imeadimika, kila aliyenayo anamuuzia mjenzi. Baba Flora akakata mashina ya muhogo yaliyokuwa yamelala uani, akayachomeka kwenye safu zake. Mtoto yeyote wa uwanda huu anajua ukichomeka shina la muhogo ardhini umepanda muhogo. Mtaalamu wetu mwenye cheti hakukumbuka. Mvua ilipokolea, vijiti vikachipua, tukapita dirishani kwa zamu kumpongeza kwa shamba lake la muhogo. Alinuna wiki nzima.

Mwezi wa tano tuliacha kumcheka. Majani ya muhogo yalikuwa yameyafunika maua wakati wa jua kali, na ukungu wa asubuhi ukawa unakaa humo ndani mpaka mchana. Maua yalishika. Maganda yalining'inia marefu kama vidole. Baba Flora sasa anasema alikusudia. Tulimwona uso wake siku vijiti vilipochipua, na alikuwa hakukusudia chochote.

Sasa mtauliza, kama yalizaa, mbona Mama Flora hakula? Hapo ndipo tabia ya mtu inapojulikana. Ghala la mbegu lilikuwa tupu, na wakulima walikuja kumwomba. Basi kila msimu aliyakausha maharage yake, akayafunga vifurushi na kuvitundika jikoni juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse, kisha akagawa kiganja kwa huyu na kiganja kwa yule, Makote, Mnyambe na kwingineko, mpaka yakaisha. Mama Flora kila alipopanda kuja kumtembelea mumewe, alipika chini ya vifurushi vile, na kila mara aliambiwa, "Hayo mbegu, mama." Aliwahi kuniambia, "Kwa mume wangu maharage yanatazama chungu tu, hayaingii." Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka mapema.

Msimu huu, wa mwisho kwake, ulizaa kuliko yote. Sote tulidhani ahadi imetimia. Wiki iliyopita nilipita kwake kumsaidia kufunga mizigo, nikakuta kamba za jikoni ni tupu. Alikuwa amegawa mpaka kifurushi cha mwisho, kwa kuwa hatakuwepo mwakani wa kuwapa. Mama Flora alikuwa anakunja mapazia. Mzee alimwambia kwa sauti ndogo, "Mama Flora, nisamehe, nimeshindwa kuwanyima." Naye akajibu bila kugeuka, "Nimezoea, baba." Nilitoka nje nikajifanya nakagua baiskeli, maana machozi yalinitoka.

Kesho yake nilifuatana na Hamudi mpaka Makote, kwa Mama Furaha, ambaye siku hizi hachumi tena majani. Nilimweleza. Alijitwika ungo wake, akaingia nyumba hadi nyumba kwa kila aliyewahi kupewa kiganja. Wa Mnyambe waliposikia, walileta ya kwao wenyewe. Kila mmoja alitenga mbegu ya mwakani kwanza, ndipo akatoa ya kula, kwa hiyo asitokee mtu hapa kusema tumekula shamba.

Baba Flora, umetufundisha kazi, umetuchekesha bila kutaka, na umetupa ulichomwahidi mwingine. Ofisi hii inakushukuru kwa moyo wote, na inamshukuru zaidi aliyekuwa akingoja. Mwende Mkomaindo salama, mpumzike, mzeeke pamoja mkiwa na afya, na utafute ile soksi.

Mama Flora, shikamoo. Sahani inayowekwa mbele yako sasa hivi, iliyoungwa kwa karanga, ndiyo yenyewe. Mumeo akinyoosha mkono, mwonee huruma, mwache aonje. Usiwe na wasiwasi naye: tumeyapika yakaiva kabisa, haya hawezi kuyapanda.

Winfrida, Mpiga Chapa